Tosti ya mayai ya kuoka kwa chai ya saa nne: tayarisha usiku, lisha watu ishirini asubuhi

Slesi za kuchovya kwenye mayai na kukaanga ni chakula cha watu wanne. Wageni wakifika kumi, mpishi haondoki jikoni. Kikaango kinachukua slesi tatu au nne kwa mkupuo, za kwanza zimepoa kabla za mwisho hazijageuzwa, na watu wanakula kwa zamu. Namna ya kuoka, ambayo imezoeleka sana Marekani na Kanada kwa asubuhi za sikukuu, inaliondoa tatizo hilo. Mkate unapangwa kwenye treya usiku, unamwagiwa mayai na maziwa, unalala kwenye friji, na asubuhi treya inaingia oveni. Inafaa Jumapili baada ya ibada, asubuhi ya Idd, au kesho yake harusi wakati nyumba imejaa wageni waliolala.

Urahisi huo una sharti lake. Kwenye kikaango slesi moja ikiharibika unaitupa, lakini treya ikiharibika imeharibika yote. Na kosa karibu kila mara ni lile lile: juu pamekauka, katikati kuna uji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari ya mkate na maji yake. Kuoka kwenyewe ni kazi ndogo.

Vipimo vya treya moja

Treya ya sentimita 23 kwa 33, yenye kina cha sentimita 5, inatosha watu 8 hadi 10 ikiwa kuna vitu vingine mezani, au watu 6 ikiwa ndicho chakula pekee.

- Mkate, gramu 450
- Mayai makubwa 8
- Maziwa, mililita 650
- Sukari, gramu 75 (vijiko vya chakula 6 vilivyosawazishwa)
- Hiliki ya kusaga, kijiko cha chai 1
- Mdalasini wa unga, kijiko cha chai 1
- Vanila, vijiko vya chai 2
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Siagi ya kupaka treya, gramu 30

Chenga za juu: unga wa ngano gramu 60, sukari ya kahawia gramu 80, siagi baridi gramu 80, korosho au karanga zilizokatwakatwa gramu 50, na mdalasini kidogo.

Mayai manane makubwa yakivunjwa hutoa kama mililita 400. Ya kienyeji mara nyingi ni madogo, kwa hiyo usihesabu, pima. Endelea kuvunja mpaka ufike mililita 400 kwenye jagi, hata yakiwa kumi. Vunja kila yai kwenye kikombe kidogo kabla ya kulitia na wenzake, maana yai viza moja likiingia kwenye bakuli unatupa yote.

Maziwa ya pakiti au ya unga yanafaa sawasawa. Ya unga yenye mafuta yake, koroga gramu 80 kwenye maji yatakayofikisha mililita 650. Maziwa mabichi ya ng'ombe yachemshe kwanza, kisha yaache yapoe kabisa. Ukiyamwaga ya moto juu ya mayai, unapata vipande vya yai lililoiva vinavyoelea. Anayetaka utamu mzito zaidi aondoe mililita 150 za maziwa aweke krimu. Anayependa nazi aweke nusu maziwa, nusu tui zito. Tui la kukamua mwenyewe lipashe kwenye moto mdogo huku ukilikoroga, kisha lipoe, kwa sababu tui bichi huchacha upesi na hapa litakaa usiku kucha.

Kwa watu 20, fanya treya mbili. Usidanganyike na sufuria moja kubwa yenye kina. Mkate ukizidi sentimita 6 kwenda juu, uso wake utaungua kabla ya kati kushika.

Mkate

Wamarekani hupenda mikate yenye mayai mengi kama brioche na challah. Ukiwa mahali inapouzwa, chukua, maana inanyonya maziwa bila kusambaratika. Lakini boflo la kawaida lenye ganda gumu linafanya kazi nzuri vilevile, na wengine huliona bora kwa sababu halina utamu wake wenyewe. Mkate wa slesi wa dukani ndio wenye matatizo. Ni laini mno, slesi zake ni nyembamba, na ukilowa bila kukaushwa unageuka kinyunya. Unatumika, ila usiruke hatua ya kukausha. Skonzi tamu zinafaa pia, punguza tu sukari iwe gramu 50. Mkate wa brauni hunywa zaidi, uongezee mililita 80 za maziwa na yai moja. Mandazi ya jana yaache, kwani yana mafuta ya kukaangia na maziwa hayaingii ndani.

Mkate mzima ukate slesi za sentimita 2 hadi 2.5, au vipande vya mraba vya sentimita 3. Slesi zilizolazwa kwa kuegemeana, kila moja ikiifunika mwenzake nusu, hupendeza mezani na hutoa ncha kavu juu na ulaini chini. Vipande vya mraba havina sura hiyo, lakini hulowa kwa usawa na ni rahisi kupakua kwa kijiko. Kwa mara ya kwanza anza na vipande. Slesi nyembamba za dukani zikate mara nne kila moja, uzitupie kwenye treya bila mpangilio ili zisilaliane bapa kama karatasi.

Sasa kukausha. Mapishi mengi husema tumia mkate wa jana, kana kwamba mkate wa jana ni mkavu. Si lazima uwe mkavu. Mkate uliokaa kwenye mfuko wa nailoni umekuwa mgumu kwa sababu wanga wake umekakamaa, ila maji bado yamo ndani, na penye maji hapaingii maziwa. Huku pwani, kwenye unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam, mkate ulioachwa wazi mezani unaweza kuota ukungu kabla ya kukauka. Njia ya uhakika ni oveni. Tandaza vipande kwenye treya mbili bila kubanana, nyuzi joto 130, dakika 15 hadi 20, geuza mara moja. Unatafuta uso unaokwaruza kama biskuti na ndani pabonyee kidogo tu. Usiubadilishe rangi. Mkate uliokaukia mpaka kuwa kahawia unaleta uchungu ukiokwa tena. Uache upoe kabisa. Ukipoa, uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko hata siku mbili.

Kuchanganya na kumwaga

Anza na vikavu: sukari, hiliki, mdalasini na chumvi, vikoroge pamoja kwenye bakuli kubwa. Tia mayai matatu tu, piga mpaka pawe laini pasipo mabonge. Tia mayai yaliyobaki, kisha maziwa na vanila. Mpangilio huu una sababu. Mdalasini haukubali maji. Ukiutupa moja kwa moja kwenye maziwa utaelea juu na kukusanyika kwenye vipande vichache, huyu apate mdalasini mtupu na yule asionje chochote. Ukishikwa kwanza na sukari na ute wa mayai, unasambaa.

Piga kwa uma au mchapo taratibu, bila kutafuta povu. Povu hubaki juu ya mkate na likiokwa hutengeneza ngozi ngumu. Ukimaliza, chuja kwa chujio la chai la matundu makubwa. Vile vikamba vyeupe vya yai visivyochanganyika huiva na kuwa kama mpira mdomoni, na hakuna mgeni asiyeviona.

Paka treya siagi hadi kwenye kingo. Panga mkate. Mwaga theluthi mbili ya mchanganyiko polepole, ukizunguka, na hakikisha kila kipande cha juu kimelowa. Subiri dakika kumi. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko bila kukandamiza, kisha mwaga uliobaki. Subiri dakika kumi nyingine halafu inamisha treya kidogo. Kwenye pembe ya chini panapaswa kujikusanya maji ya kina cha nusu sentimita hadi moja. Hayo yatanyonywa usiku.

Kama pembe ni kavu, mkate wako una kiu. Piga yai moja na mililita 80 za maziwa, umwagie. Uwiano huo wa yai moja kwa mililita 80 ndio unaoshikilia pishi lote, na kila unapoongeza, ongeza vyote viwili. Maziwa peke yake hayagandi, na mayai peke yake huleta harufu ya kiwanda cha omleti. Kama mkate unaelea, una maji kupita kiasi: ongeza slesi mbili kavu, au chota mchanganyiko kwa kijiko. Usijipe moyo kwamba utakauka kwenye oveni. Haukauki.

Usiku

Funika kwa foili au nailoni ya chakula, weka kwenye friji ya nyuzi joto 4 au chini yake. Kulala kwa muda wa saa 6 hadi 12 ndiko kuzuri. Hadi saa 24 bado inaokeka vizuri, ikizidi hapo mkate unaanza kuvunjika. Mayai na maziwa hushika harufu upesi, kwa hiyo isikae jirani na samaki wala kitunguu kilichokatwa.

Usiiache juu ya meza kwa sababu eti usiku kumepoa. Mchanganyiko wa mayai mabichi na maziwa haufai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu. Umeme ukikatika, usifungue friji. Iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne. Ukiona giza linaendelea na una jiko la gesi, oka usiku huohuo, kisha asubuhi upashe moto. Itakuwa nzuri, si nzuri kama iliyookwa asubuhi, lakini hutatupa mayai kumi na sita.

Chenga za juu zifanye usiku pia. Kata siagi baridi vipande vidogo, isugue kwa ncha za vidole na unga, sukari na mdalasini mpaka upate mabonge ya ukubwa wa mbaazi, kisha tia korosho. Ziweke kwenye chombo chake ndani ya friji. Ukizimwaga juu ya mkate usiku, sukari itayeyuka na unga utalowa, asubuhi hakuna chenga, kuna tope tamu. Kama kuna mgeni asiyekula karanga au korosho, nusu ya treya iwe bila, na weka kijiti cha meno kama alama.

Neno kuhusu matunda. Ndizi mbivu zikilala kwenye treya huwa nyeusi, zikatwe asubuhi na kupangwa juu. Embe hutoa maji mengi, ukilitaka liwekwe mezani pembeni. Nanasi na papai visivyopikwa visikae kabisa ndani ya mchanganyiko: vimeng'enya vyake huvunja protini za maziwa na mayai, na asubuhi utakuta uchungu pamoja na mchanganyiko usioshika. Nanasi lililopikwa au la kopo halina shida hiyo, kwa sababu joto limeshaua vimeng'enya. Zabibu kavu loweka kwanza kwenye maji ya moto dakika 10, la sivyo zile za juu zitaungua.

Asubuhi

Tuseme watu wanakaa mezani saa nne kamili. Saa mbili na robo toa treya kwenye friji. Saa mbili na nusu washa oveni, nyuzi joto 175. Ya feni, 160. Saa tatu kasorobo treya inaingia. Saa nne kasoro ishirini inatoka, inapumzika robo saa, mnakula. Treya mbili zikiingia pamoja, zote ziwahi dakika 15 na zibadilishane rafu katikati ya safari.

Hiyo nusu saa ya kukaa nje ni muhimu zaidi kwa bakuli la kioo, ambalo likitoka kwenye baridi kali na kuingia kwenye moto linaweza kupasuka ndani ya oveni. Kioo pia hutunza joto sana, hivyo tumia nyuzi 165 na ongeza dakika 5 hadi 10. Treya ya chuma haina wasiwasi.

Oka ukiwa umeifunika kwa foili dakika 30 za mwanzo. Mvuke unaobaki ndani unaivisha katikati bila kuunguza juu. Kisha funua, mwaga chenga za juu, rudisha bila foili dakika 20 hadi 25. Wengine huziweka tangu mwanzo chini ya foili, nasi hatukubaliani nao. Chini ya foili chenga zinapikwa kwa mvuke na hazipati tena ukavu wake. Baada ya nusu saa uso wa mkate umeshashika, kwa hiyo chenga zinabaki juu na kuwa kavu.

Oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake huunguza kitako. Weka treya rafu ya juu ya katikati, na chini yake rafu nyingine yenye treya tupu ya kukinga moto. Oveni nyingi za nyumbani hazisemi kweli kuhusu joto lake, na kipimajoto cha kuning'iniza ndani kitakuokolea zaidi ya keki moja.

Imeiva lini? Katikati imevimba kama pembeni. Kama katikati bado ni bonde, bado. Choma kisu katikati kabisa, kipanue kidogo ubonyeze: pasitokee maziwa meupe. Unyevunyevu mzito unaong'aa ni sawa, maji yanayotiririka si sawa. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati. Nyuzi 71 ni kiwango cha usalama kwa mayai, 75 hadi 80 ndipo pishi linaposhika vizuri. Ikipita 85, mayai yanakaza na kuanza kuachia maji, na hapo ndipo unapoona kitako cha treya kimelowa ingawa umeoka muda mrefu. Watu hudhani haijaiva, wanairudisha, wanaharibu zaidi.

Ipumzike dakika 10 hadi 15 kabla ya kukata. Itanywea kidogo, ndiyo kawaida yake.

Bila oveni

Walioona mkate wa kumimina ukiokwa kwa kupaliwa moto wanajua tayari la kufanya. Chukua sufuria pana ya sentimita 26, mkate gramu 300, mayai 5, maziwa mililita 420 na sukari gramu 50. Asubuhi weka sufuria kubwa zaidi jikoni, tandaza mchanga mkavu ndani yake, ipate moto robo saa, kisha kalisha sufuria yako juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa wa bati na uweke makaa juu. Makaa ya chini yawe machache, ya juu mengi, kwa kuwa chini huungua upesi na hutaona. Chungulia baada ya dakika 35, na hesabu dakika 45 hadi 60 kwa jumla. Chenga za juu hapa weka nusu ya kipimo tu, maana mkaa wa juu huchoma sukari.

Ikienda kombo

Juu kavu, katikati uji: mkate haukukaushwa, au treya iliingia ikiwa ya baridi sana. Funika kwa foili, shusha hadi 160, ongeza dakika 15.

Sehemu kavu zisizolowa: vipande vya juu havikumwagiwa. Usiku, kabla ya kulala, vigeuze mara moja kwa mkono safi.

Ladha ya yai mno: mayai yamezidi au chumvi imesahaulika. Bila chumvi hata hiliki haisikiki.

Ladha bapa, tamu tu: mara nyingi ni hiliki ya zamani ya pakiti. Saga punje mwenyewe, tofauti utaijua ukifungua oveni.

Mezani na baadaye

Yenyewe haina sukari nyingi kwa makusudi, ili kila mtu ajimiminie. Wamarekani hutumia sharubati ya utomvu wa mti wa mepo (maple). Asali inafaa, na shira inafaa zaidi: sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, punje 4 za hiliki zilizopondwa, ichemke dakika 5, kisha matone ya ndimu isigande. Ipeleke ikiwa vuguvugu. Pembeni weka kitu cha chumvi, maharage, soseji au viazi vya kukaanga, kwa sababu sahani nzima ya utamu huchosha ulimi mapema. Papai na machungwa hapa ndipo mahali pake.

Ikisafirishwa kwenda nyumba nyingine, ifunike foili, izungushie mataulo mawili, itie kwenye boksi la kutunzia joto. Iliwe ndani ya saa mbili. Iliyobaki ikishapoa iingie friji, inakaa siku tatu. Ipashe kwa nyuzi 160 chini ya foili dakika 15 hadi 20. Vipande vilivyookwa vinagandishwa hadi miezi miwili, kila kimoja kimefungwa peke yake. Treya mbichi usiigandishe, barafu inavunja mkate na ikiyeyuka unaachiwa maji. Na kipande cha baridi cha kesho yake, kikate unene wa kidole, kikaange kwa siagi kidogo kila upande mpaka kipige rangi. Hapo watu wanne wanalishwa na kikaango kimoja bila kugombana.